Mnara hauhamishiki: programu ya mtandao ichaguliwe kwa hesabu

KAMPUNI inayotaka kufikisha simu na intaneti Bombo, wilayani Same, hainunui mnara peke yake. Kabla zege halijamwagwa, hununua au hupata bure programu ya kompyuta inayoiga mtandao ili kujua mawimbi yatafika wapi. Uamuzi hufanywa ofisini, mbali na Upare. Hasara ya kukosea humwangukia mfanyabiashara wa tangawizi asiyepata ujumbe wa malipo, wakala wa fedha anayefunga kibanda kwa kukosa mtandao, na mwenye hisa anayesubiri gawio.

Kosa linalogharimu ni kudhani programu hizo zote ni bidhaa moja yenye bei tofauti. Zipo za aina mbili.

Aina ya kwanza huiga mwenendo wa data ndani ya mtandao. Humo imo ns-3, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008 na hutolewa bure. Imo pia OMNeT++, ambayo ni bure kwa vyuo, lakini mwenye biashara hutakiwa kulipia toleo liitwalo OMNEST. Hizi hujibu swali kama hili: siku ya gulio, wateja wakiwa wengi, je, mtandao utaelemewa?

Aina ya pili hukadiria mawimbi juu ya ramani ya ardhi. Atoll, ya kampuni ya Forsk ya Ufaransa, huuzwa kwa leseni. Radio Mobile hupatikana bure.

Kwa Bombo swali la kwanza ni mlima, si gulio. Kati ya kata hiyo na mji wa Same imesimama milima ya Upare Kusini, ambayo kilele chake cha Shengena kinapita mita 2,400. Anayeanza na ns-3 huko, bila kuilisha sura ya milima hiyo, amejibu swali la pili kabla ya la kwanza.

Hata ndani ya aina ya pili kuna mtego. Kanuni ya Hata ya mwaka 1980, iliyojengwa juu ya vipimo vya Okumura nchini Japani, hupendwa kwa wepesi wake. Lakini iliwekwa kwa masafa ya megahezi 150 hadi 1,500, umbali wa kilometa 1 hadi 20, na ardhi isiyo na miinuko mikali. Ikitumika Upare bila marekebisho, yaweza kuonyesha mtandao kijijini wakati kigongo cha mlima kimeukata njiani. Kanuni ya Longley-Rice, inayotumiwa na Radio Mobile, husoma miinuko yote iliyopo kati ya mnara na simu.

Ramani nayo ni mtaji. Vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour mwaka 2000 vilitolewa kwanza kwa miraba ya mita 90 kwa Afrika. Vya mita 30 vilianza kutolewa mwaka 2014. Katika mraba wa mita 90, kigongo chembamba humezwa na wastani.

Wapo watakaosema hayo ni ya wahandisi. Sivyo. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 850 kila moja, na wengi walionunua ni watu wa kawaida. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa minara ya vijijini. Fedha hizo ni za umma, na mnara uliowekwa bonde lisilo lake hauhamishwi kama meza ya sokoni.

Kwa hiyo, mwenye hisa na mtoa ruzuku waulize mambo matatu kabla ya kulipa: programu inajibu swali gani, imesoma ramani ya miraba ya ukubwa gani, na makadirio yake yamelinganishwa na vipimo vya simu vilivyochukuliwa kijijini kwenyewe. Bila hilo la tatu, programu ghali na ya bure zote ni ubashiri tu. Na ya bure isichukuliwe kuwa haina gharama, kwani huhitaji mtaalamu anayeijua, naye hulipwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mnara bila vipimo hupotea vivyo hivyo.