Siku 19 za ukimya: nani alishika ufunguo wa mtambo wa dijitali nchini Kenya?

Vituo vitatu vikubwa vya televisheni vya binafsi nchini Kenya, NTV, KTN na Citizen, vilirejea hewani mwanzoni mwa Machi 2015 baada ya kunyamaza kwa siku 19. Mitambo yao ya analojia ilizimwa tarehe 14 Februari, siku moja baada ya Mahakama ya Juu kukataa kuingilia ratiba ya uhamaji. Katika siku hizo, mtazamaji aliyekuwa na king'amuzi kipya na aliyekuwa na antena ya zamani walikuwa hali moja: wote wawili walivikosa vituo walivyovizoea. KBC, shirika la umma ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likivikimbiza vituo hivyo kwa idadi ya watazamaji, lilijikuta ghafla karibu halina mshindani.

Ukimya huo haukusababishwa na hitilafu ya mitambo. Chanzo chake ni mabadiliko ambayo mtazamaji wa kawaida hakuelezwa vya kutosha. Katika analojia, kila kituo kilikuwa na mlingoti wake, mtambo wake na masafa yake. Aliyetengeneza kipindi ndiye aliyekirusha. Dijitali imezitenganisha kazi hizo mbili. Mkondo mmoja wa masafa uliokuwa ukibeba chaneli moja sasa unabeba kumi au zaidi, na anayeusimamia ni kampuni iliyopewa leseni ya kusambaza mawimbi. Kituo kinabaki mtengenezaji wa vipindi, anayepeleka mzigo wake kwa mwenye gari na kulipa nauli.

Nchini Kenya, wenye gari walikuwa wawili. Wa kwanza ni Signet, kampuni tanzu ya KBC. Wa pili ni Pan African Network Group, kampuni yenye asili ya China iliyoshinda zabuni ya mwaka 2011, zabuni ambayo muungano wa Nation Media Group na Royal Media Services uliiwania na kuikosa. Hapo ndipo ulipo mzizi wa mgogoro. Kampuni zilizokuwa zimejenga mitandao ya milingoti kwa miaka na kwa fedha nyingi ziliambiwa kwamba milingoti hiyo haitakuwa na kazi, na kwamba vipindi vyao vitapita kwenye mlango wa mtu mwingine.

Shauri lilianzia Mahakama Kuu, ambako wamiliki walishindwa. Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi Machi 2014, kisha Mahakama ya Juu ikautengua tarehe 29 Septemba mwaka huohuo. Wamiliki hatimaye walipata leseni yao wenyewe, kupitia kampuni ya pamoja iitwayo Africa Digital Network, lakini walidai kwamba mitambo na ving'amuzi vyao vilihitaji muda zaidi. Serikali ilijibu kwamba muda umekwisha. Wakati huohuo wamiliki walipinga chaneli zao kubebwa bila ridhaa na kampuni za televisheni ya kulipia, ambazo zilikuwa zikiziuza kwa wateja pamoja na nyingine bila kuwalipa watengenezaji. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuzima kila mahali ili kuithibitisha kulimfanya mtazamaji kuwa silaha ya pande zote mbili, na yeye ndiye aliyekuwa ameshatoa fedha za king'amuzi.

Kwa baadhi ya Wakenya, hiyo haikuwa hasara ya kwanza. Majaribio ya dijitali yalipozinduliwa mwaka 2009, nchi hiyo ilitumia kiwango cha DVB-T. Baadaye ikahamia kizazi cha pili, DVB-T2, ambacho ving'amuzi vya mwanzo haviwezi kukisoma. Waliowahi kutii mapema ndio waliolazimika kununua mara mbili.

Tanzania ilipitia njia hiyo kabla. Analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu. Leseni za kusambaza mawimbi zilitolewa kwa kampuni tatu, na vituo vya binafsi vilikuwa na mkono katika mojawapo, hivyo ugomvi wa kumiliki mlango haukufika kwenye kiza. Malalamiko hata hivyo yalikuwapo: miezi ya mwanzo ya 2013 wamiliki walisema watazamaji wamepungua kwa sababu kaya nyingi hazikumudu ving'amuzi, wakataka mifumo yote miwili iende sambamba. Mamlaka ya Mawasiliano haikurudi nyuma.

Ilibaki ahadi ya picha safi. Wananchi wa nchi zote mbili walielezwa kwamba dijitali italeta ubora wa juu, ule unaojulikana kama HD. Kitaalamu inawezekana. Mkondo mmoja wa DVB-T2 unaweza kupitisha zaidi ya megabiti 30 kwa sekunde, na chaneli moja ya HD huchukua nafasi ya chaneli kadhaa za kawaida. Msambazaji anayetoza kila chaneli ana sababu ya kibiashara ya kujaza mkondo kwa chaneli nyingi za picha ya kawaida, na kituo kinacholipa nauli kina sababu ya kununua nafasi ndogo. Zaidi ya hayo, katika nyumba nyingi wakati huo king'amuzi kilikuwa kimeunganishwa na televisheni ya kichogo, ambayo haiwezi kuionyesha HD hata ikirushwa. Kilichokuwa kimeongezeka hadi Machi 2015 ni idadi ya chaneli. Ubora uliachwa usubiri waamuzi wengine.

Kusubiri huko kulikuwa na kikomo kwa upande mmoja tu. Mkataba wa Geneva wa 2006, unaohusu Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia, uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa ulinzi wa kimataifa kwa matangazo ya analojia katika masafa ya UHF. Baada ya siku hiyo, kituo cha analojia kilicho karibu na mpaka hakingekuwa na haki ya kulalamika kikiingiliwa na mtambo wa dijitali wa jirani. Mawimbi hayasimami Namanga kugongewa pasipoti, wala Holili au Sirari. Rwanda ilizima analojia mwaka 2014, Uganda ilikuwa bado ikijiandaa mwanzoni mwa 2015, na masafa yaliyokuwa yakiachwa tayari yalitakiwa na kampuni za simu kwa ajili ya intaneti ya kasi.

Awamu ya mwisho ya uzimaji nchini Kenya, inayohusu maeneo yaliyobaki nje ya miji mikubwa, ilipangwa kufikia mwishoni mwa Machi 2015. Katika maeneo hayo ving'amuzi vilikuwa vichache kuliko Nairobi, na wasambazaji, ambao wakati huo walikuwa watatu, walikuwa bado hawajafikisha mawimbi yao kila mahali ambako mlingoti wa zamani ulikuwa ukionekana.