Ukitibu ngozi, ugonjwa hauhamii kifuani

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la kliniki ya ngozi na mama mwenye mtoto wa miaka minne. Viwiko na nyuma ya magoti ya mtoto vilikuwa vimechubuka kwa kujikuna. Mama alikuwa na krimu aliyoandikiwa hospitali, lakini hakuwa ameifungua.

“Jirani ameniambia nikiuzima kwenye ngozi utaingia kifuani, na huyu tayari ana pumu,” alisema.

Mzazi, hofu hiyo inaeleweka, hasa kwa kuwa ugonjwa huo wenyewe tunauita pumu ya ngozi. Ni kweli magonjwa haya ni ndugu: huenda pamoja na mzio, hutembea katika familia, na mara nyingi ngozi hutangulia, kifua kikafuata. Lakini kutibu ngozi hakusukumi ugonjwa kifuani. Wala krimu haichukui nafasi ya dawa ya pumu ya kuvuta. Mtoto huyu anahitaji zote mbili.

Matibabu huanzia bafuni. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, bila dodoki wala sabuni yenye manukato. Mkaushe taratibu bila kumsugua, kisha mpake mafuta mazito yasiyo na harufu mwili ungali na unyevu. Mafuta ya mgando ya kawaida yanafaa. Mpake kila siku, hata ngozi ikiwa nzuri.

Krimu ya steroidi hupakwa palipowaka tu, kwa siku alizoandika daktari. Kipimo ni hiki: mstari wa krimu wenye urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima hutosha eneo la viganja vyake viwili. Epuka krimu zisizo na lebo na zile za kung’arisha ngozi. Baadhi zina steroidi kali au zebaki. Vidonge vya steroidi vilivyobaki nyumbani usimpe kwa ajili ya ngozi: hutulia haraka, kisha hulipuka upya.

Ukiona usaha, magamba ya njano, malengelenge yenye maumivu au homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mbavu zikizama anapopumua, au akishindwa kuongea, mpe dawa yake ya kuvuta ya kufungua kifua na muondoke hapohapo.

Mama yule alipotoka kwa daktari aliniuliza jambo moja tu: “Kwa hiyo nianze leo?”

Leo, mama.