Shule za Kanisa Juba zisifunge uwanja

Februari 2025 wanafunzi wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, walikuwa wakizirai kwa joto. Naibu Waziri wa Elimu, Martin Tako Moi, alisema kwa wastani 12 walikuwa wakianguka kila siku mjini humo, na tarehe 20 serikali ikatangaza kufunga shule za nchi nzima kwa wiki mbili. Haikuwa mara ya kwanza. Machi 2024 shule zilifungwa vivyo hivyo, joto likitarajiwa kufika nyuzi 45, na wazazi wakatakiwa kuwaweka watoto ndani.

Agizo lile lilikuwa sahihi. Chumba cha mabati kisicho na umeme hugeuka tanuri kabla ya adhuhuri, na uwanja usio na mti hata mmoja ni hatari zaidi. Linalotisha ni hatua ya dharura kuzoeleka. Mwalimu mkuu aliyeondoa michezo kwenye ratiba kwa sababu ya jua anaweza asiirudishe hata mvua ikinyesha. Huanza kupotea mechi za mpira, yakafuata mazoezi ya kwaya, kisha mdahalo wa Ijumaa, na saa hizo zikajazwa tuisheni. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa mtoto anaonekana anasoma.

Kwa shule za Kikristo za Juba hasara hiyo ni nzito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kwao mchezo na kwaya ni sehemu ya malezi yenyewe.

Anayevuka Nile kwa Daraja la Uhuru, lile la mita 560 lililofunguliwa Mei 2022, hufika Gumbo, kwenye barabara iendayo Nimule na Uganda. Hapo ndipo walipo Wasalesiani wa Don Bosco, wenye parokia, shule na mafunzo ya ufundi. Vita vilipozuka Desemba 2013, familia zilikimbilia kwenye eneo lao na kambi ya wakimbizi wa ndani ikaota pembeni mwa misheni. Mapadre na masista wa misheni hiyo hawakulazimika kubuni namna ya kuwalea watoto wa kambini, kwani waliirithi kutoka Torino, Italia, ambako mwaka 1841 Yohane Bosco alianza kuwakusanya vijana wa mitaani na vibarua wadogo waliokuja mjini kutafuta kazi. Aliwapa sala, masomo na mchezo siku hiyohiyo. Hadi leo Wasalesiani husema kazi yao lazima iwe nyumba, parokia, shule na uwanja kwa pamoja. Mlezi wao hatazami mechi kutoka dirishani. Yuko uwanjani na vijana, kanzu ikipata vumbi. Kwa mtoto aliyezoea kupangwa foleni ya maji na foleni ya chakula, kuitwa jina na kupewa namba ya kucheza ni jambo kubwa.

Lipo pia suala la lugha. Mwaka 1928, Rejaf, kilomita chache tu kutoka Juba, watawala wa Kiingereza na wamisionari walikutana kuamua shule za kusini mwa Sudan zitumie lugha zipi: Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishiluki, Kizande na nyinginezo. Mikoa nayo ilikwisha kugawiwa makanisa, Wakatoliki huku, Waanglikana kule, Wapresbiteri wa Marekani kwingine. Mfumo huo ulihifadhi lugha, na hilo lina heshima yake, lakini mtoto alikua akisoma na watu wa kwao tu. Juba ya leo imewachanganya wote katika darasa moja. Ila darasani kila mmoja anatazama ubao, na anaweza kumaliza miaka minne bila kumjua jirani yake. Kwaya haimruhusu. Sauti ya tatu haiwezi kuimbwa na kabila moja, na mwalimu wa kwaya hupanga waimbaji kwa koo zao za kuimbia, si kwa koo walizozaliwa. Uwanjani nako Kiarabu cha Juba hutawala, kwa sababu pasi haisubiri tafsiri.

Kituo cha Usratuna ni mfano mwingine wa hapohapo Juba, na unastahili kusemwa zaidi. Jina lake kwa Kiarabu maana yake ni familia yetu. Tangu miaka ya 1980 shirika la Kikatoliki la OVCI kutoka Italia limekuwa likiwahudumia hapo watoto wenye ulemavu, na wenzao wasio na ulemavu wakasoma pamoja nao. Katika mji ambao mtoto mwenye ulemavu mara nyingi hufichwa nyumbani, kucheza naye kila siku ni elimu ambayo hakuna kitabu cha kiada kinachoweza kuitoa.

Historia inaonyesha kuwa wanafunzi wenyewe waliuthamini upande huu wa shule. Mwaka 1957 serikali ya Khartoum ilizitwaa shule za misheni za kusini. Mwaka 1960 ikaifanya Ijumaa kuwa siku ya mapumziko badala ya Jumapili, na wanafunzi wakagoma. Walikuwa wananyang'anywa siku ya ibada, ya nyimbo na ya kukaa pamoja, wakakataa. Wamisionari wa kigeni walifukuzwa kusini mwaka 1964, lakini nyimbo hazikufukuzika. Ziliendelea kuimbwa msituni na kambini.

Ari hiyo haijazimika. Mwanzoni mwa Februari 2023, Papa Fransisko alipokuwa akienda Juba, vijana kutoka Jimbo la Rumbek walitembea kwa miguu siku 9, zaidi ya kilomita 300, pamoja na Askofu wao Christian Carlassare. Walipita vijiji vya makabila ambayo yamewahi kupigana na yao, wakapokewa. Somo la uraia lililo bora kuliko safari hiyo halijapatikana.

Wazazi wana hoja yao, na ni ya kweli: ada ni ngumu, cheti ndicho kinachotafutwa. Lakini waitazame timu ya taifa ya mpira wa kikapu. Tarehe 28 Julai 2024, mjini Lille, Ufaransa, Sudan Kusini iliifunga Puerto Rico 90 kwa 79 katika mechi yake ya kwanza ya Olimpiki. Luol Deng, aliyeijenga timu hiyo, alijifunza mchezo akiwa mtoto mkimbizi Misri. Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek, aliuanza akiwa na miaka 13 huko Uganda, akitembea karibu saa nzima kufika uwanjani. Juni 2025 alichaguliwa wa kumi kuingia ligi ya NBA. Vipaji ni vya nyumbani, viwanja vilikuwa vya ugenini. Majirani walikwisha kujipanga: Tanzania ina mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na tamasha la muziki la Kenya lina umri wa karibu karne moja.

Basi joto lipangiwe ratiba. Mpira uchezwe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na katikati ya siku kuwe na kwaya, maigizo na mdahalo chini ya paa la kanisa, ambalo siku za kazi aghalabu liko tupu. Miembe na miarobaini hustawi Juba bila kubembelezwa. Ipandwe kuzunguka uwanja mwaka huu. Shughuli hizi zisitozwe ada ya pembeni, maana mtoto wa kambini ndiye atakayeachwa kwanza. Wasichana wapewe muda wao wa mpira wa pete ndani ya saa za shule, kwa sababu jioni wanasubiriwa na ndoo za maji na wadogo zao. Na mwalimu anayebaki kufundisha kwaya wakati mshahara wake umechelewa miezi kadhaa, parokia imkumbuke kwa posho, si kwa shukrani za madhabahuni pekee.

Mwaka wa masomo ukifunguliwa, mzazi aliyekaa kwenye benchi la mkutano wa kwanza anyooshe mkono, aombe kuiona ratiba, na aulize kwaya ni siku gani na anaifundisha nani.