Kabla ya kuchonga rota, piga hesabu ya vizito

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako ya kupunguza uzito wa injini ya rota moja, sehemu ya kuchonga rota umeipita haraka mno. Ndani ya injini ya 13B ya Mazda rota mbili zimepishana nyuzi 180, msukumo wa moja unafuta wa nyingine. Ikibaki moja, mzigo wote wa kutuliza mtikisiko unabebwa na vile vizito vya mbele na nyuma ya shafti. Ukipunguza uzito wa rota, navyo vipunguze kwa hesabu, tena uhesabu na oili inayopita ndani ya rota kuipoza. Mafundi wengi huisahau oili hiyo, kisha wanalaumu beringi.

Katika kupunguza uzito, mimi ningeanza na sahani za pembeni za injini. Zile za zamani ni za chuma cha kalibu, nzito ajabu. Kwa injini ya 8C ya rota moja, cc 830, iliyoingia kwenye gari la MX-30 mwaka 2023, Mazda walitumia alumini iliyopuliziwa tabaka gumu ili sili zisiile, wakaokoa zaidi ya kilo 15. Na flaiwili jamani msiichonge ikawa nyepesi mno: kwenye rota moja mlipuko ni mmoja tu kwa kila mzunguko wa shafti, ukiachia pedali ya mafuta injini inaweza kuzima.