Kunguru wa posho

Ndugu wa mugodi, na ninyi mama wa nyumbani, kama mutoto analeta La Ferme des animaux kutoka masomo, musikirudishe mbele ya kukisoma. Kiko kwa Kiswahili pia, Shamba la Wanyama. Mwingereza George Orwell alikitoa mwaka 1945, akifikiria Urusi ya Stalin. Wanyama wanafukuza bwana wa shamba, kisha nguruwe wanakuwa mabwana wapya. Watu wanazungumuzia sana hao nguruwe. Mimi ninataka kunguru.

Jina lake ni Musa. Hafanye kazi. Anahubiri tu kwamba juu ya mawingu kuko mulima wa sukari, na kule kila siku ni siku ya Mungu. Nguruwe wanasema wazi hizo ni bongo. Lakini wanamuacha akae shambani, tena wanamupa posho ya pombe kila siku! Juu ya nini? Juu wakati ule farasi Boxer anavuta mawe ya kariere mpaka mapafu yanaharibika, na chakula cha wanyama kinapungua. Mwenye njaa akiangalia mawingu, haangalie meza ya nguruwe. Boxer alipoanguka walimuuza kwa muchinjaji wa farasi, huku wakisema anaenda hospitali.

Kuko wanaosema Orwell anatukana dini. Sikubali. Anatuonyesha nani anatoa posho. Kwetu shimo likibomoka, kuna siku pasta anafika na gari ya kampuni, inspekta wa kazi hajafika bado. Sala ni nzuri, na mimi ninasali. Lakini mafuta ya ile gari, nani alilipa?

Tena lile jina njo linaniuma. Musa wa Biblia hakuhubiri mulima wa sukari. Alienda kwa Farao kuomba siku tatu watu wakamutolee Mungu sadaka. Farao akajibu huo ni uvivu, akakata majani ya kufanyia matofali, hesabu ya matofali ikabaki ileile. Wanaokaa mezani na wakubwa wanajua hiyo: unaomba maske ya vumbi, wanakuongezea hesabu ya tani.

Someni Kutoka sura ya 5 mpaka mwisho. Makapita wa Waisraeli walipigwa fimbo, wakaenda kulia kwa Farao, akawafukuza. Kutoka pale mulangoni, njo Musa walimulaumu.