Usiku mmoja ku hoteli kubwa: nani analipa?

Kuna maneno inazunguka kati ya wachimbaji wa Rubaya, Walikale na Numbi. Eti mutu akisha kuuza mzigo wake vizuri, lazima ashuke Goma, alale ku hoteli kubwa kando ya ziwa, akule sambaza ku meza yenye kitambaa cheupe, kisha aende kucheza makuta paka asubui. Asipofanya vile, wenzake wanamucheka: ulichimba juu ya nini?

Tuseme wazi toka mwanzo: kulala ku hoteli nzuri si zambi. Mutu aliyepitisha miezi mu kibanda cha shiti, mvua inamunyeshea, umeme hakuna, ana haki ya kitanda kizuri na maji ya moto. Serena, Ihusi, Linda, hizo hoteli zote za Goma hazikujengwa kwa wageni wa ONG peke yao. Muchimbaji akilipa chumba, makuta yake iko na bei moja na ya mukubwa wa ofisi, na hakuna mutu wa ku mlango anaweza kumuangalia vibaya sababu ya matope ku viatu.

Chumba kina bei, na bei inajulikana mbele. Usiku mmoja ku hoteli ya kiwango cha juu unapita dola 100. Hiyo ni pesa mingi, lakini unalipa, unalala, asubui unajua kilichobaki mu mfuko. Shida inaanza pale mutu anatoka ku chumba na kwenda ku meza ya kucheza, ao ku nyumba ya pari. Pale bei haijaandikwa popote.

Tuihesabu basi, sisi na ninyi, kama vile munahesabu kilo mbele ya mnunuzi.

Tuchukue ruleti, ile gurudumu yenye kampira kadogo. Ya kawaida iko na namba 37, toka 0 paka 36. Ukiweka dola 1 ku kila namba, umetoa dola 37. Namba moja itashinda, lazima. Nyumba inakulipa dola 35 na kukurudishia ile 1 yako: jumla 36. Dola 1 imebaki kwao, na hawakukuibia hata kidogo. Ni vile mchezo ulitengenezwa. Kwa kila dola 100 zinazopita ku meza, karibu 2 na senti 70 zinabaki kwa nyumba. Gurudumu yenye sifuri mbili inabakisha zaidi ya dola 5.

Mutu atasema: dola 2 ni kitu gani? Lakini ile pesa inapita tena na tena. Ukiweka dola 10 kila mara, mara 200 mu usiku mmoja, umepitisha dola 2.000, hata kama uliingia na 200 tu. Kwa wastani dola 54 zimebaki pale. Usiku mmoja utashinda, usiku mwingine utamaliza yote mbele ya saa sita, sababu mwenye mfuko mdogo njo anaisha wa kwanza. Nyumba haina haraka. Inangojea.

Wachimbaji wanaijua hii hesabu kuliko mutu yeyote. Munajua mizani ya mnunuzi yenye kuinama kidogo, gramu chache tu, kila siku. Hamukubali. Munapiga kelele, munatafuta mizani ingine. Sasa kwa nini tunatoka ku mizani inayotuibia mu siri, tunaenda kukaa mbele ya mizani inayosema wazi kwamba imeinama?

Pari ya mupira ni mbaya zaidi, sababu inajificha ku makuta kidogo. Tuseme ku kila mechi uko na nafasi moja juu ya mbili, na nyumba inalipa 1,80 pahali pa 2. Inaonekana sawa. Lakini kijana anajaza mechi 10 ku tiketi moja. Nafasi yake ya kupata zote ni moja juu ya 1.024. Akishinda, analipwa mara 357. Ile yote inayokosekana katikati, ni nani anaikula?

Wengine wanajibu: hata kuchimba ni pari. Unaingia shimo miezi, unakula deni la PDG wa shimo, hujui kama utafika ku madini. Ni kweli, na hatuwezi kusahau wale ambao udongo uliwafunika. Lakini mu shimo, jicho lako, mukono wako na wenzako wanabadilisha kitu. Mzee anayejua udongo anapata kuliko mugeni. Ku gurudumu, ukizunguka miaka ishirini, haijui jina lako.

Hii jambo haikuanza kwetu. Mu 1979, Sol Kerzner alifungua Sun City kule Bophuthatswana, moja ya zile nchi za uongo ambazo serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini ilizitengeneza. Kucheza makuta kulikatazwa Afrika Kusini yenyewe, basi matajiri wa Johannesburg walivuka kwenda kucheza kule. Ukitoka Sun City, Rustenburg haiko mbali, na kule wanaume walikuwa chini ya udongo wakichimba platini. Juu palikuwa taa, muziki na bwawa la kuogelea. Taa za hoteli hazikuwapunguzia wale wa chini saa hata moja ya kazi.

Kuna mfano mwingine, wa jirani. Mu mwezi wa sita 2020, muchimbaji wa Mirerani, Tanzania, Saniniu Laizer, aliuzia serikali mawe mawili ya tanzanite: moja kilo 9,27, ingine kilo 5,1. Alipata shilingi bilioni 7,74, zaidi ya dola milioni 3. Alisema atachinja ngombe, watu wakule, washangilie. Kisha atajenga masomo kwa watoto wa kwao, na nyumba za biashara. Angalieni vizuri: alianza na sherehe, lakini sherehe ilikuwa ngombe moja.

Njo tunachosema kwa ndugu zetu. Sherehe iko na kiwango chake, na kiwango kinawekwa mbele ya kushuka Goma, si ku meza ya kucheza. Toka banki zilifunga hapa mu mwezi wa kwanza 2025, muchimbaji anatembea na makuta yake yote mu mfuko. Mutu mwenye kila kitu mu mfuko anaweza kupoteza kila kitu usiku moja. Kwa hiyo, kabla ya hoteli, sehemu ya kwanza iende ku minervale ya watoto na ku deni la shimo. Ya pili iingie likelemba ao AVEC ya mama wa nyumba, palipo watu wanaojuana na daftari iko wazi. Inayobaki ni yako. Lala nayo pahali unapenda.

Tena tunaomba bibi zenu wajue bei ya mzigo. Mama anayejua kilo ngapi zimeuzwa anaweza kupanga nyumba. Yule anayesikia tu kwamba "haikutoka vizuri" anakopa unga ku butike, na deni linabaki kwake.

Kwa wakubwa wa kooperative: lipeni wachimbaji kwa mafungu, yule anayetaka, ili makuta isishuke yote siku moja. Kwa wenye nyumba za kucheza na za pari: andikeni ku mlango, kwa Kiswahili, ni ngapi inabaki kwenu ku kila 100, na mukatae watoto. Kwa wenye mamlaka: muhakikishe hiyo inafanyika. Muchimbaji akisha kusoma ile namba na akaingia bado, ameingia akijua.

Na wewe ndugu uliye na dola 100 za chumba: lipa, oga, kula sambaza, angalia ziwa. Asubui panda moto, rudi nyumbani na ile ingine.