Bakuli Lililopasuka Sumbawanga



Mwenzetu mmoja, mtu mzima ambaye msimu wa karafuu ukishapita hukaa uani kwake akakereza mabakuli ya mti, alimpelekea zawadi ya arusi mwanawe aliyeoa Sumbawanga, huko afanyako kazi. Lilikuwa bakuli la mfenesi, upana wake inchi 12, jembamba, limepigwa msasa hata likang'aa kama shaba. Sisi wenyewe tulilishika kabla halijafungwa, na tulilisifu. Wiki tatu baadaye ikaja khabari kwamba limepasuka kutoka ukingoni mpaka kitakoni, tena usiku, kwa mlio uliowaamsha watu.

Maneno yakawa mengi. Wako waliomlaumu mchukuzi wa mzigo, na wako waliosema mfenesi si mti wa kukerezwa. Akatokea na wa kunong'ona kwamba Sumbawanga ni mji wa mambo, naye asijue kwamba jina lenyewe, kwa maelezo ya wenyeji, ni agizo la kuutupa uchawi wala si kuukaribisha. Baya zaidi ni kuwa mzee wetu aliona haya, akalifunika kerezo lake kwa gunia, akasema mchezo huo basi. Hapo ndipo tulipoona yafaa tuandike. Mzee hana kosa la mkono. Kosa lake ni la kuanika, na kwa mkulima wa karafuu kosa hilo ni la kuona haya kweli kweli, lakini si la kuachia kazi.

Nani kati yetu asiyejua kwamba karafuu mbichi kilo 3 hutoa kavu kama kilo 1, na kwamba iliyobaki yote ni maji? Mti nao ndivyo. Gogo lililokatwa jana limejaa maji, na maji yakitoka mti hunywea. Wala haunywei sawasawa: kwa kufuata zile duara zake hunywea karibu mara mbili kuliko kutoka moyoni kwenda gandani. Bakuli lililokerezwa bichi likafanywa jembamba siku ile ile hujikunja likawa kama yai, au hupasuka.

Mzee atasema alilianika miezi mitatu chini ya paa. Ni kweli, nasi tunamsadiki. Lakini alilianika kisiwani. Mti haukauki ukaisha. Hukauka kwa kadiri ya hewa ya mahali ulipo, kisha ukasimama hapo. Kwetu tumezungukwa na bahari, hewa ni ya maji mwaka mzima. Ufipa ni uwanda ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi mvua ni adimu, baridi ya usiku ni kali na upepo ni mkavu. Bakuli lilifika mwezi wa saba. Lililokuwa kavu kwetu, huko lilikuwa bado bichi, nalo likaanza kunywea upya likiwa limekwisha kuwa jembamba.

Labda mtu atauliza, kwa nini kijana asikereze mti wa huko huko? Uwanda wa Ufipa kwa sehemu kubwa ni majani matupu. Watu wa huko walikuwa wafua chuma mashuhuri. Walijenga matanuri ya udongo marefu kupita mtu, wakiyaita malungu, wakayajaza mawe ya chuma na makaa, na moto ukawaka siku kadhaa kwa upepo uingiao wenyewe, bila mivukuto. Kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto ndipo kikafuliwa majembe. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, lakini magofu ya malungu yangaliko. Makaa hayo yalikuwa miti, na hiyo hutajwa kuwa sababu mojawapo ya uwanda kukosa msitu. Msitu wa Mbizi ulio juu ya mji ni wa hifadhi. Mninga hupatikana mbali, mabondeni, nao hautaki kukatwa bila kibali. Aliyebaki mjini ana mkaratusi na msindano wa kupandwa, na mkaratusi kwa kupasuka hauna mfano.

Basi mti wa kwetu una faida huko, ila usipelekwe ukiwa bakuli lililokwisha. Twashauri hivi. Gogo lipasuliwe katikati na moyo wake utolewe, maana ufa huanzia hapo. Bakuli likerezwe mara ya kwanza likiwa nene, ukuta wake sehemu moja ya kumi ya upana. La inchi 12 liachiwe inchi 1 na robo. Nyuzi za mti zilipokatwa mbele zipakwe nta. Kisha liwekwe kivulini, limefukiwa katika maranda yake. Hapa karafuu na bakuli hupeana mgongo: karafuu hutaka jua, bakuli jua huliua. Kila mwezi lipimwe kwa mizani na uzito uandikwe kitakoni kwa penseli. Uzito ukikoma kushuka, ndipo lisafiri, nalo likae huko kiangazi kizima kabla ya kukerezwa mara ya pili.

Na bobari ya kukerezea isifanywe kwa tupa kuukuu kama wafanyavyo wengine. Tupa ni ngumu lakini hukatika ghafula, na kipande chake hurukia usoni. Springi ya gari ni bora, na mhunzi yeyote aijua.

Jambo hili si la mzee mmoja tu. Wako wanaowauzia wageni mabakuli yaliyokerezwa juzi. Mgeni huyapeleka kwao, nchi ya baridi, katika nyumba iliyopashwa moto ambayo hewa yake ni kavu kuliko hata ya Ufipa, na yakipasuka hatosema fundi fulani kakosea, atasema vitu vya kisiwa kile vibovu. Sisi tulio wepesi wa kumlaani atiaye karafuu makonyo ili zizidi uzito, twaona auzaye bakuli bichi kwa bei ya kavu hana tofauti naye. Wala mtu asije akautazama mkarafuu ulio hai kwa jicho la kerezo. Uliokufa nao haukatwi bila ruhusa.

Juzi tulipita uani kwa mzee. Gunia limeondolewa. Mbele yake palikuwa na bakuli jingine la mfenesi, nene, zito, halina sura kabisa, na kitakoni ameandika kilo 2 na robo na jina la mwanawe. Kijana, tumeambiwa, amekwisha kujiundia kerezo kwa mota ya mashine kuukuu. Bakuli likifika litawekwa juu ya kabati mpaka kiangazi kiishe, na atakayelimaliza ni yeye.